Nywila ya siku 90 inamlinda nani?

Ujumbe unaoudhi kuliko wote ofisini hautoki kwa bosi, unatoka kwenye kompyuta kila baada ya siku 90: nywila yako imeisha muda, weka mpya. Basi Januari2024! inageuka Aprili2024!, na asiyejiamini anaiandika kwenye kikaratasi na kukificha chini ya kibodi. Afadhali huyo, maana wapo wanaoibandika kwenye skrini, mteja akiitazama.

Wanaoupinga utaratibu huu wana ushahidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walipima akaunti zaidi ya 7,700. Katika asilimia 17 ya hizo, aliyeijua nywila ya zamani aliweza kuibahatisha mpya kabla hajafika jaribio la tano. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iligeuka mwaka 2017 ikashauri watu wasilazimishwe kubadili ila pakiwa na dalili kwamba nywila imevuja. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa awali mwaka 2003, alikiri hadharani kwamba anaujutia. Microsoft nayo iliondoa sharti hilo kwenye mapendekezo yake ya usalama wa Windows mwaka 2019.

Kesi ingeishia hapo, lakini ushauri huo unachukulia kwamba kila mtu ana nywila yake na haijui mwingine. Ofisi zetu tunazijua. Mhasibu akienda likizo anamwachia mwenzake nywila ili malipo yasikwame. Mwanafunzi wa fildi anaingiza data kwa akaunti ya mkuu wa kitengo. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, kijana aliyehamia kwa washindani aliendelea kuchungulia mfumo wa stoo mpaka nywila ilipoisha muda. Hakudukua chochote, hakuna aliyemfungia mlango.

Hapo ndipo siku 90 zinapopata utetezi wake wa kweli. Mdukuzi hazimsumbui, kwa kuwa akishaiba nywila anaweza kuitumia siku hiyo hiyo. Zinachofanya ni kuwatoa waliobaki ndani bila idhini, tena kwa kuchelewa, na usumbufu wake wanaubeba hata wasiomgawia mtu nywila.

Kwa maoni yangu, mwenye akaunti yake binafsi aachwe na nywila ndefu, aongezewe uthibitisho wa pili kwenye simu, asisumbuliwe tena. Akaunti inayotumiwa na watu wengi ibadilishwe kila mmoja wao anapoondoka, bila kusubiri kalenda. Kinachokwamisha si teknolojia. Barua ya kuacha kazi hupelekwa utumishi, nakala ikaenda uhasibu kwa ajili ya mafao. Vijana wa TEHAMA hupata habari siku ya keki ya kuagana, kama wamealikwa. Mpaka nao wapewe nakala, siwezi kumlaumu meneja anayeng'ang'ania siku zake 90.