Zebaki si kimiminika kwa sababu ya ulaini

Makala yenu kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Handeni inasema zebaki ni kimiminika kwa kuwa ni metali laini. Hapana. Risasi nayo ni laini, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 327.

Atomu za metali hushikana kwa kuchangia elektroni za nje. Kiini cha zebaki kina protoni 80, na mvuto wake huzikimbiza elektroni za ndani kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Kasi hiyo husababisha hata zile mbili za nje kabisa zivutwe karibu na kiini. Zimeshakuwa jozi kamili, hazichangiwi kirahisi, kwa hiyo zebaki haigandi mpaka nyuzi 39 chini ya sifuri. Dhahabu, yenye protoni 79, ina elektroni moja tu pale nje. Haina jozi, huchangiwa kirahisi, kwa hiyo dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064.

Unyonge huohuo wa atomu za zebaki kushikana ndio hatari yenyewe: zebaki hutoa mvuke hata ikiwa baridi. Mchanganyiko wa dhahabu na zebaki uchomwe kwenye chombo kilichofungwa chenye bomba la kutolea mvuke, nje, bomba likipozwa kwa maji. Mdomo wa bomba usizamishwe majini, kwani chombo kikipoa hunyonya maji na kinaweza kupasuka. Zebaki ikimwagika, tafadhali msifagie: ufagio huigawa vipunje na mvuke huongezeka. Ikusanyeni kwa karatasi ngumu, muifungie kwenye chupa.