OPJ wa Sake hana maabara

Imezunguka tena kwenye WhatsApp riwaya nyingine ya mauaji «ya kwetu». Mzee mwenye ng'ombe anakutwa amekufa Sake, mji mdogo karibu na Goma, Kongo; mpelelezi anatoka Goma na koti lake refu, anaokota unywele mmoja, na kesho yake asubuhi majibu ya ADN (DNA) yako mezani. Kesho yake! Sake, ambako OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, akipata karatasi ya kuandikia PV, ripoti yake, anamshukuru Mungu. Halafu, kurasa tano za mwisho, muuaji anaangua kilio, anasema yeye ni mtoto wa nje, kitabu kimekwisha.

Maabara siyo inayoniudhi zaidi. Hiyo mwandishi anaifuta mchana mmoja. Kinachoniudhi ni siri ya familia kunyunyiziwa mwishoni kama chumvi iliyosahauliwa. Siri ndiyo inayoua. Na ili iue, lazima iwe na tarehe.

Waandishi, fungueni Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, ile iliyorekebishwa 2016. Watoto ni warithi wa daraja la kwanza, wanachukua robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya daraja la pili: mjane, wazazi wa marehemu, ndugu zake. Mtoto wa nje naye anaingia daraja la kwanza, ila kwa sharti kwamba baba amemtambua kisheria akiwa hai. Akiwa hai! Riwaya yenu imelala ndani ya maneno hayo mawili tangu 1987, na ninyi mnahangaika na unywele.

Pigeni hesabu. Mzee ana watoto wawili wa ndoa, kila mmoja anangoja asilimia 37.5. Jumatatu mzee akienda etasivili, ofisi ya vizazi na vifo, kumwandikisha wa tatu, kila mmoja anashuka hadi 25. Mzee akifa Jumamosi ya kabla, hakuna anayeshuka. Basi «nani alimchukia mzee?» halina maana tena, maana mzee mwenye ng'ombe na parseli (kiwanja) barabarani anachukiwa na nusu ya mji. Msomaji atauliza: nani alijua habari ya Jumatatu? Nani alimsikia akiomba nakala ya cheti, motari gani, yule wa pikipiki, alimbeba, karani gani alimwambia binamu yake? Hapo mna kurasa mia tatu. Na mjane msimsahau: yeye anagawana ile robo na wakwe zake, kwa hiyo mtoto wa tatu hampunguzii chochote. Ndiyo sababu anafaa kushukiwa na mji mzima huku mikono yake ni safi.

Ushahidi uwekeni kwenye kilio cha msiba. Kila kilio kina daftari ya michango, jina na kiasi, na hakuna mpelelezi atakayepata karatasi bora kuliko hiyo. Jina lisilojulikana na ukoo limetoa pesa nyingi kuliko baba mdogo: kwa nini? Lakini msiliache jina peke yake kwenye mstari, msomaji ataliona kutoka Bukavu. Litieni katikati ya majina mengine, mashangazi wakiwa wanagombana juu ya bei ya sanduku, kisha msiliguse tena kwa sura nane. Halafu unakuja mkutano wa familia wa kumtaja likidateri, msimamizi wa urithi. Kwa sheria ni mkubwa wa warithi, asipokataa. Mkubwa anayekataa madaraka juu ya mali ya baba yake, Kivu hii, ana jambo anaogopa kutia sahihi.

Kuhusu sumu, mtego mmeshatengenezewa bure. Kwetu watu hawafi, «wanalishwa». Mtaa mzima utakuwa umekwisha kuichunguza chupa ya mwisho ya kasiksi, pombe ya ndizi, kabla OPJ hajavaa viatu. Waacheni na karuho yao, sumu yao hiyo, maana Sake kuna mazuku, hewa ya kuua inayotoka ardhini, na ajabu ni kwamba karibu hakuna anayeyatumia vizuri. Waandishi wanayapa harufu ya yai bovu. Hayana harufu. Ni hewa nzito, inajikusanya kwenye mashimo ya mawe ya lava, mbaya zaidi usiku na alfajiri kabla ya upepo. Mbuzi anaanguka na mchungaji aliyesimama anabaki. Kwa hiyo maiti ikikutwa shimoni alfajiri na mbwa wa marehemu amelala ubavuni pake, mzima kabisa, hayo mazuku ni hadithi tu. Mtu aliletwa.

Kuna pia ule uongo mtamu wa Goma: «karatasi ziliungua 2002», volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Nani atabisha? Yeyote anayekumbuka lava ilipita wapi. Ilitoka upande wa uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji mpaka ziwani. Mshukiwa anayesema vyeti vyake viliungua nyumbani Himbi, mtaa ambao lava haikuupitia, amejifunga mwenyewe, na msomaji wa hapa atamkamata kabla ya mpelelezi.

Nakubali, bila maabara mwendo unaweza kulegea. Sawa. Lakini Katiba, kifungu cha 18, imewapa saa: kizuizini polisi, saa 48, basi. Baada ya hapo mtu aachiwe au akabidhiwe mamlaka ya kisheria inayohusika. OPJ wenu anasali benchi moja na washukiwa, na mafuta ya pikipiki anategemea familia. Siku familia itakapoacha kulipa mafuta, tazameni ni nani aliyetoa wazo hilo.

Mwisho, andikeni mwaka. «Siku moja huko Sake» ni kukwepa kazi. Kabla ya Januari 2025, M23 walipoichukua Goma, PV ilipanda kwenda parke ya Goma, ofisi ya mwendesha mashtaka. Baada ya hapo, OPJ yule yule yuko wapi, nani anampa amri, na faili la mzee limebaki kwenye kabati ya nani?