Waliorudi Kangbayi kwa miguu yao

Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 2020, watu wenye silaha walivamia gereza la Kangbayi mjini Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wakavunja mlango. Wafungwa zaidi ya 1,300 walitoka. Waliobaki ndani walikuwa kama mia moja. Meya wa mji aliwataja ADF, waasi wenye asili ya Uganda, na kundi linalojiita Dola la Kiislamu likadai kwamba kazi ile ni yake.

Lakini mimi habari iliyonikaa moyoni ni nyingine. Wafungwa wapatao 20 walirudi gerezani wenyewe, bila kukamatwa na mtu.

Ni nani huyo anayefunguliwa mlango, halafu anarudi? Ni yule anayejua kesi yake ni ndogo na mke na watoto wake wako mjini humo humo. Hataki kuitwa muasi, na msitu anauogopa kuliko seli. Ukweli ni kwamba magereza ya Kongo yamejaa watu ambao hakuna hakimu aliyewahukumu. Sisi Tanzania tunaujua wimbo huo: "Upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa." Mtu anaingia mahabusu kwa ugomvi wa shamba, anakaa mwaka, miaka miwili, chumba kimoja na mpiganaji anayetuhumiwa kuchinja wanakijiji. Siku mpiganaji anapofuatwa na wenzake, mlango unamfungukia na huyu wa shamba.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kila gereza likivunjwa, tunaambiwa habari za kuta na idadi ya walinzi. Kangbayi ilikuwa imeshavunjwa tarehe 11 Juni 2017, wakatoroka zaidi ya 900 na watu 11 wakauawa, wengi wao walinzi. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo, kama kilomita 50 tu kutoka Beni, na zaidi ya 800 wakatoroka. Mara tatu kwa miaka mitano! Walinzi waongezwe, sawa, maana nao wana watoto wanaowasubiri nyumbani. Ila gereza lililosongamana namna ile halilindiki, hata uweke askari hodari kiasi gani.

Wavamizi wenyewe wanalielewa jambo hili kuliko serikali. Mwaka 2012 huko Iraki, Abu Bakr al-Baghdadi, aliyekuwa kiongozi wa hao Dola la Kiislamu, alitangaza kampeni ya kuvunja kuta za magereza. Julai 2013 gereza la Abu Ghraib likashambuliwa, mamia wakatoka, na Juni 2014 mji wa Mosul ukaanguka mikononi mwao. Septemba 2019 akarudia wito ule ule kwa wafuasi wake. Januari 2022 wakavamia gereza la Hasakah, Syria, na mapigano yakachukua siku kadhaa. Kwao gereza ni ghala la askari: wanamchukua mwenzao aliyekwisha kufunzwa, na pembeni yake wanapata vijana wenye kinyongo na serikali, wasio na pa kwenda.

Na wapo watu ambao hatuwaulizi kabisa. Mama wa kijiji jirani na Beni, aliyeona watu wake wakikatwa mapanga, akajipa moyo akaenda kutoa ushahidi mbele ya mahakama ya kijeshi. Jina lake linajulikana, na nyumba yake pia. Mlango wa gereza ukivunjwa, nani anakimbia kumwambia ahame usiku huo huo? Tukimwacha hivyo, kesi inayofuata haitapata shahidi.

Haya hayako mbali nasi. Jamil Mukulu, kiongozi wa zamani wa ADF, alikamatwa hapa Tanzania mwaka 2015 akapelekwa Uganda. Desemba 2017, miezi sita baada ya Kangbayi kuvunjwa mara ya kwanza, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, katika eneo hilo hilo la Beni, kwa mikono ya ADF.

Kwa hiyo nasema wazi: wanaotuhumiwa kwa mauaji ya halaiki wahamishiwe mbali na msitu wanamopigana wenzao, na wahukumiwe upesi. Wa ugomvi wa shamba apewe dhamana, arudi kulima. Na wale 20 waliorudi Kangbayi walistahili kuletewa hakimu asubuhi ile ile, wasikilizwe mmoja mmoja kabla mlango haujafungwa tena nyuma yao.