Acheni kuuliza jina la kivinjari

Mtu anaweka Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows, kwenye kompyuta yake. Waifai inashika, printa inachapa, video zinacheza. Kisha anafungua tovuti ya kujaza fomu kwa kivinjari cha Firefox, anakutana na ujumbe: “Kivinjari chako hakitumiki. Pakua Chrome.” Anaamini Linux bado haijamfaa mtu wa kawaida. Hapana! Tovuti ndiyo mbovu.

Huu ni uvivu mtupu. Kivinjari kikiomba ukurasa hutuma mstari wa kujitambulisha, na mtengenezaji wa tovuti ameweka sharti la kutafuta neno “Chrome” humo. Lakini mstari huo hauaminiki tangu zamani: wa Chrome yenyewe huanza na “Mozilla/5.0” na una “Safari” ndani, wa Edge, kivinjari cha Microsoft, una “Chrome”, ndiyo maana hupita. Firefox, yenye injini yake ya kuonyesha kurasa iitwayo Gecko, inafukuzwa kabla ya kujaribiwa.

Hakikisha mwenyewe: andika about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani) kwenye sehemu ya anwani ya Firefox, ongeza mpangilio general.useragent.override wa aina ya maandishi, bandika mstari wa Chrome, pakia ukurasa upya. Mara nyingi fomu ileile inafunguka na kutumwa vizuri. (Ukimaliza ifute, maana kurasa nyingine zitaharibika.) Kwa nini mtu apitie yote hayo ili ajaze jina na tarehe ya kuzaliwa?

Watengenezaji wa tovuti, pimeni uwezo wa kivinjari, si jina. JavaScript, lugha ya kuprogramu kurasa, inaweza kukagua kama kipengele kipo, na CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa, ina @supports ya kukagua vivyo hivyo. Kikikosekana, toeni onyo lenye kitufe cha “Endelea hata hivyo”.