Sindano Haina Macho

Jumamosi nilimpeleka kijana wangu kwenye vile vizimba vya wavu ambako mashine hukurushia mipira ya besiboli. Unabonyeza kitufe, mashine inakohoa, mpira huo. Nilirushiwa ishirini. Nikagusa mitatu, na mmoja wa hiyo ulilipiga gongo karibu kabisa na mkono, vidole vikafa ganzi mpaka jioni. Sasa jamaa mmoja aliyekuwa akingoja zamu, kiganja kimejaa bisi, akasikia tukimtaja Barry Bonds, yule mpigaji wa Giants ya San Francisco mwenye rekodi ya homurani, yaani mipira inayopigwa ikavuka uzio wa uwanja. "Huyo? Sindano tu. Hata mimi ningedungwa ningevunja rekodi."

Hata yeye! Nilinyamaza kwa sababu ya mtoto.

Mimi si wakili wa pufya, hizo dawa haramu za kuongeza nguvu. Natoka Kenya, majina ya wanariadha wetu waliofungiwa nimeyasoma hadi nikachoka, na mdanganyifu simhurumii. Hiyo hadithi ya Bonds kwamba alidhani ni mafuta ya mbegu za kitani, akawasimulie watoto wa chekechea.

Lakini turudi tarehe 28 Mei 1998. Timu ya Arizona inaongoza 8-6, ingizo la tisa, la mwisho, wawili wameshatolewa na bado mmoja tu mechi iishe, besi zote tatu zina wachezaji wa Giants. Anaingia Bonds. Kocha wa Arizona, Buck Showalter, anaamuru apewe besi bure: aende besi ya kwanza bila kupiga, na walio mbele yake wasogee, mmoja afunge. Yaani anawazawadia wapinzani pointi, 8-7, ili mradi mtu huyu asizungushe gongo. Mpigaji aliyefuata akadakwa, Arizona wakashinda. Na hata wanaomshutumu Bonds wanasema dawa alianza baada ya msimu huo, kwa kijicho cha sifa walizokuwa wakimwagiwa wapiga homurani wenzake, McGwire na Sosa. Kwa hiyo Showalter aliogopa nini? Chupa ambayo haijafunguliwa?

Aliogopa macho. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unakufikia kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Ndani ya muda huo uamue: naupiga au nauacha? Kuuacha ndiko kulikokuwa ufundi wa Bonds, maana ukiiacha mipira mibaya ya kutosha unapewa besi bure. Mwaka 2004, akitimiza miaka 40, alipewa besi bure mara 232, na 120 kati ya hizo ni za makusudi mazima. Anakaa mechi nzima akirushiwa takataka, kisha unakuja mpira mmoja wa maana, anaupiga nje ya uwanja. Homurani 45 msimu ule, na kutolewa kwa straiki, yaani kwa kukosa au kuacha mipira mizuri, mara 41 tu. Nionyesheni duka linalouza sindano ya subira, nami nitapanga foleni.

Haya, zile homurani 73 za mwaka 2001, kwa mtu wa miaka 37 ambaye hakuwahi hata kufika 50? Hapo dawa ilitia mkono. Nakubali, shingo upande. Mpira uliokuwa udakwe ukutani ukaishia baharini nje ya uwanja wa Giants, kwenye mitumbwi ya mashabiki.

Kinachonichemsha ni Cooperstown, jumba la heshima la magwiji wa besiboli. Mwaka 2022, nafasi yake ya mwisho kwenye kura za waandishi, Bonds alipata asilimia 66, zinatakiwa 75. Nje. Bud Selig, kamishna wa ligi aliyekuwa kwenye kiti wakati misuli ikivimba na viwanja vikijaa, aliingizwa kwa heshima zote mwaka 2017. Naye bila shaka hakuona kitu. Huyo ndiye angehitaji macho ya Bonds.

Yule jamaa, kwa taarifa yenu, zamu yake ilipofika alichagua mashine ya polepole.