Kukopesha vifaa ndio dawa

Mwandishi umesema mbio za skimo, yaani kupanda mlima wa theluji kwa skii halafu kushuka, ni za matajiri na hapa Utah hazitakua, mi sikubali hata kidogo. Kweli vifaa ni ghali, hapo sibishi, lakini mnasahau Desemba 2025 pale Solitude, kituo cha skii hapahapa Utah, Anna Gibson na Cameron Smith walishinda mbio za kupokezana ndio Marekani ikapata tiketi ya Olimpiki ya Milano Cortina, na huyo Gibson ni mkimbiaji wa milimani, kwenye skimo kaingia juzi juzi tu. Sasa wakimbiaji mashuleni si wamejaa?

Mi mzaliwa wa Moshi, theluji nimeiona miaka yote kule juu Kibo ila kuikanyaga ni hukuhuku ukubwani 😂 Rafiki alinikopesha skii zake nikajaribu, kupanda nikapanda freshi, pumzi ninayo, shida ikawa kule juu. Unabandua zile ngozi, vitambaa vya gundi vinavyobandikwa chini ya skii usiteleze kurudi nyuma ukipanda, unazikunja unachomeka kifuani ndani ya nguo, unafunga buti, unashuka. Wenzangu sekunde chache wameondoka, mi gundi imenasa kwenye glavu nahangaika kama naondoa ubani wa kutafuna kwenye nywele za mtoto. Kwenye sprinti, zile mbio fupi za dakika tatu hivi, hapo ushaachwa.

Kwahiyo klabu nunueni hata jozi kumi tu za kuazimisha, watoto wazoee kubadilisha ngozi kwanza hata kwenye zulia, mlima watapanda wenyewe.