Kabla ya kadi ya michoro, nunua pawa saplai

Kila msimu wa korosho, malipo ya minada yanapoanza kuingia, vijana wawili watatu hunijia hapa Mtwara na orodha ya vifaa vya kompyuta ya gemu wanavyotaka kuagiza kutoka Kariakoo. Orodha hizo hufanana sana. Juu kabisa huandikwa kadi ya michoro, inafuata prosesa, kisha RAM, kisha kasha lenye taa za rangi, na chini kabisa, kwa fedha yoyote itakayobaki, pawa saplai, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vingine vya kompyuta. Mpangilio huo ni kosa kokote, lakini kwa umeme wetu, joto letu na umbali wetu na duka, huku kusini ni kosa linaloumiza zaidi.

Kijana wa mwisho kunijia aliniambia, "Kaka, hii ni wati 700, itatosha na kubaki." Nilimwomba picha ya kibandiko cha ubavuni, si ya boksi. Kwenye jedwali, safu ya volti 12 ilisomeka ampia 22. Ukizidisha 12 kwa 22 unapata wati 264, na hizo ndizo wati zinazomhusu, kwa kuwa prosesa na kadi ya michoro huchukua karibu umeme wao wote kutoka kwenye volti 12. Zile 700 za kwenye boksi hazikuwa na maelezo yoyote ndani ya jedwali. Ninachowasihi vijana ni wasikubali kulipa hata shilingi kabla ya kuisoma safu hiyo na kufanya hesabu hiyo moja.

Mahitaji yenyewe si makubwa. Chukua kompyuta ya kiwango cha kati yenye prosesa ya Core i5-12400F, ambayo ikikazwa inaweza kufika wati 117, na kadi ya michoro ya RTX 4060, ambayo kikomo chake ni wati 115. Ongeza wati 50 au 60 za ubao mama, RAM, diski na feni, na jumla bado haifiki 300. NVIDIA yenyewe, watengenezaji wa chipu ya kadi hiyo, hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na nafasi hiyo ya ziada ina sababu: kadi huvuta umeme kwa kushtukiza, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ikapita kikomo chake cha kawaida, na kapasita, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, nazo hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Wati 550 za kweli zinatosha, na 650 ni kwa anayefikiria kubadilisha kadi baadaye. Fedha inayozidi hapo iende kwenye ubora.

Wengi huupima ubora kwa beji ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004. Beji hiyo hupima ufanisi, yaani ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinachofika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Kompyuta inayotumia wati 300 huvuta ukutani takriban wati 353 kwa ufanisi wa asilimia 85, na 333 kwa asilimia 90. Tofauti ya wati 20 haitaitikisa Luku ya mtu anayecheza saa mbili jioni. Isitoshe, vipimo hivyo hufanyika kwenye chumba cha nyuzi joto 23 hivi, na chumba changu cha Chikongola, saa nane mchana mwezi wa Januari, hakijawahi kuwa na baridi hiyo. Ndiyo maana naangalia zaidi kama mtengenezaji ametaja kwamba wati zake zinapatikana kwenye nyuzi 40 au 50, na kama kapasita ni za kuhimili joto la nyuzi 105 au la 85 tu. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi unazoipunguzia kapasita, umri wake huongezeka takriban mara mbili.

Sasa niseme la umeme. Tunaishi jirani na mitambo inayoendeshwa na gesi ya Mnazi Bay, lakini waya unaoingia chumbani unapitia kwenye transfoma ya mtaa, na inapofika saa moja usiku kila nyumba ikiwa imewasha taa, feni na friji, umeme huwa mdogo. Pawa saplai yangu ya kwanza iliandikwa volti 200 hadi 240. Taa ilipofifia kidogo tu, kompyuta ilizima na kuwaka upya katikati ya gemu. Niliishi hivyo miezi kadhaa, mpaka jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Ubao mama uliondoka nao.

Fundi aliifungua mbele yangu na kuiweka kando ya nyingine nzuri aliyokuwa akiisafisha. (Usifungue mwenyewe, kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.) Kapasita kuu ya ile yangu ilikuwa nene kama kidole gumba na imevimba kichwani, ya ile nyingine ilijaa kiganja. Mahali waya wa ukutani unapoingia, nyingine ilikuwa na koili na vichujio, yangu ilikuwa na matundu matupu kwenye bodi, vifaa havikuwekwa kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kompyuta yangu ilikuwa ikizima. Umeme wetu ni wa hezi 50, wimbi moja ni milisekunde 20, na pawa saplai ya kufaa inatakiwa kuendelea kutoa umeme kwa milisekunde kama 16 baada ya ukutani kukatika. Muda huo unatosha UPS nyingi, yaani vifaa vya betri vinavyoshika umeme unapokatika, kuingia kazini. Kapasita ndogo haiwezi kusubiri hivyo, kwa hiyo hata UPS niliyoinunua katika miezi ile haikunisaidia.

Kwa hiyo kijana yule nilimwelekeza atafute yenye maandishi ya volti 100 hadi 240, inayozistahimili zile jioni za umeme mdogo, na yenye kinga zilizotajwa moja moja: ya volti kuzidi, ya volti kushuka, ya mzigo kuzidi, ya shoti na ya joto. Nilimwambia pia amwite fundi umeme apime waya wa athi wa soketi yake, maana nyumba nyingi soketi ina tundu la tatu lisilofungwa popote.

Alipunguza RAM, akaacha kasha la taa, na pawa saplai ikapanda hadi mstari wa kwanza: wati 550, waranti miaka mitano. Boksi na risiti viko juu ya kabati lake, vimefungwa kwenye nailoni kwa ajili ya unyevu wa bahari, kwa sababu siku ikibidi kuirudisha Dar es Salaam kwa basi, duka litaviulizia vyote viwili.